Kima wa Kakamega na Nasaba Zao

Msitu wa Kakamega, uliopo magharibi mwa Kenya katika nyanda zilizo baina ya mita 1,500 na 1,700 juu ya usawa wa bahari, ni kipande cha mwisho, upande wa macheo, cha ule msitu mkubwa wa mvua ambao asili yake ni Kongo na ambao, katika zama za neema ya mvua, ulienea kupita Uganda mpaka kwenye miinuko ya Nandi. Na zama zile zilipokwisha, ukame ukaja, ukaondoka, ukarudi tena, ukaukata msitu mapande mapande kwa maelfu ya miaka, hata viumbe waliozoea kutangatanga chini ya majani yasiyo mwisho wakajikuta wamezungukwa na nyasi. Mito ya Isiukhu na Yala inapita ndani yake. Baadhi ya ndege na miti iliyomo haipatikani popote pengine nchini Kenya, na mtu akitaka kuwaona jamaa zao wa karibu hana budi kuvuka mpaka aende Mabira, au Budongo, au mbali zaidi huko Kongo kwenyewe.

Tarehe ya msitu huu katika karne ya ishirini imeandikwa na dhahabu na shoka. Mwezi wa Oktoba 1931 mlowezi mmoja aitwaye L. A. Johnson aligundua dhahabu karibu na Kakamega, na haukupita muda ila mamia ya Wazungu walikuwa wamepiga mahema katika ardhi ya Waluhya, huku maelfu ya wenyeji wakiajiriwa kuchimba na kuchekecha. Sheria ya mwaka 1930, iliyowaahidi Waafrika kwamba ardhi ya hifadhi zao ingekuwa yao milele, ilikuwa haijatimiza hata miaka mitatu ilipogeuzwa mwaka 1932, ili ardhi iliyotakiwa kwa uchimbaji iweze kutwaliwa pasipo kutolewa nyingine badala yake. Na jambo hili lilizua fadhaa hata katika Bunge la Uingereza. Mwaka 1933 msitu nao ukawekewa mipaka na kutangazwa kuwa mali ya hifadhi. Mgodi wa Rosterman ulidumu hadi 1952. Viwanda vya mbao vilidumu zaidi ya hapo, na miti mikubwa iliyochukua karne mbili kukua ilishushwa kwa muda wa asubuhi moja. Serikali ilitenga sehemu za Isecheno na Yala mwaka 1967 zisiguswe, na mwaka 1985 sehemu ya kaskazini, ya Buyangu, ikafanywa hifadhi ya taifa. Mwaka uliofuata ukanda wa chai ya Nyayo ukaanzishwa kuwa kama boma baina ya miti na mashamba.

Haya yote yamekwisha kusimuliwa na wanahistoria. Lililosimuliwa kwa uchache ni tarehe ya wakazi wa juu ya miti, nayo si duni, kwa sababu ndani yake mna suala ambalo wataalamu wa viumbe wamelishughulikia tangu karne ya kumi na tisa bila ya kulimaliza: ni kitu gani kinachofanya aina mbili za wanyama, zilizo jirani kwa damu na jirani kwa makazi, zizae kila moja kwa nasaba yake, zisichanganyike zikawa kitu kimoja?

Kakamega wapo mbega, nyani, na kima wa namna tatu. Wawili ni wengi, nao ni kima wa buluu na kima wa mkia mwekundu. Wa tatu, ambaye ndevu zake nyeupe zimempatia jina la karasinga, ni adimu, na makazi yake yanayojulikana sana ni Kisere, kipande cha msitu kilichojitenga kaskazini. Wazungu wa kwanza waliowapa kima hawa majina ya kitaalamu hawakuwajua wakiwa hai. Ngozi na mafuvu yalisafirishwa hadi Ulaya, yakapangwa katika makabati, na mtaalamu aliyekaa Berlin akaamua, kwa kutazama rangi ya manyoya, nani ni nani. Hivyo ndivyo kima wa buluu wa upande wetu alivyopewa mwaka 1893 jina la Stuhlmann, Mjerumani aliyefuatana na Emin Pasha katika safari yake ya mwisho. Na Emin mwenyewe, aliyeuawa huko Kongo mwaka 1892, ameachiwa mti, nao ni ule ambao Waluhya wamekuwa wakiuita mutere tangu kabla hajazaliwa. Kwa hiyo kila kima anapokula tunda la mutere katika msitu wa Kakamega, bwana na sahibu wake hukutana tena, ijapokuwa si kwa namna waliyoitarajia.

Kuainisha kwa ngozi kulikuwa na kasoro yake. Ngozi haisemi mwenyewe alimchumbia nani. Mwaka 1942 Ernst Mayr, mtaalamu wa ndege aliyezaliwa Ujerumani akafanya kazi Marekani, aliandika kwamba aina ya viumbe ni jamii ya wale wanaozaana wao kwa wao katika maisha yao ya kawaida, na waliotengwa na wengine katika jambo hilo la kuzaana. Na tangu hapo ikawa dhahiri kwamba atakaye kujua mipaka ya aina hana budi kutoka makabatini, akakae chini ya mti na kutazama.

Atakayekaa chini ya mkuyu uliozaa huko Isecheno, asubuhi kabla jua halijawa kali, atasikia kabla hajaona: vipande vya tunda vikidondoka majanini, na tawi likiinama kisha likirudi kwa kishindo. Kima wa buluu, ambaye buluu yake ni kijivu cha moshi mgongoni, na mikono yake ni myeusi, na juu ya nyusi ana utepe wa nywele zilizofifia, huketi karibu na shina akijaza vifuko vya mashavu. Kima wa mkia mwekundu, aliye mdogo kuliko yeye kwa mwili na mwepesi zaidi, huenda katika matawi membamba, puani ana doa jeupe la umbo la moyo, mashavuni ana manyoya meupe yaliyotuna, na mkia wake wa rangi ya kutu hushuka nyuma yake. Juu kabisa dume la kima wa buluu hupaza ule mlio wake mmoja mkavu unaofika mbali, na mara nyingine, kivuli cha tai mwenye taji kipitapo, aina zote mbili hukimbilia majani mazito kwa pamoja. Huenda wakawa pamoja saa nyingi, wakila mti mmoja, wakihama pamoja kwenda mti mwingine, kama watu wa kijiji kimoja waendao gulio moja. Jioni ikiingia kila mmoja hulala na wa kwao.

Mwaka 1979 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Marina Cords, ambaye baadaye alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alianza kuwafuata kima hawa huko Isecheno, na mwaka 1987 akatoa kitabu juu ya desturi yao hii ya kuandamana. Kazi yake imeendelezwa kwa zaidi ya miaka 40, na wengi wa walioifanya siku baada ya siku ni vijana kwa wazee wa vijiji vinavyopakana na msitu, watu ambao humtambua kila kima kwa uso wake, kwa kovu la sikio au kwa mkunjo wa mkia, nao wanazijua nasaba za upande wa mama za kima hao kwa vizazi kadhaa. Sijui kama iko elimu nyingine ya wanyama katika Kenya ya magharibi iliyojengwa kwa subira kiasi hicho.

Ilidhihirika kwamba majike ndio wenye nchi. Jike huzaliwa katika kundi la mama yake, hukaa humo maisha yake yote, na pamoja na dada zake hulinda mipaka ya eneo lao dhidi ya majike ya kundi la jirani, kwa kelele na wakati mwingine kwa meno. Dume akibaleghe huondoka. Kundi huwa na dume mmoja mkazi, lakini majira ya kupandana yafikapo, katikati ya mwaka, madume ya nje huingia, safari nyingine wengi kwa mpigo, na yule mkazi hawezi kuwazuia wote. Mimba huchukua yapata miezi sita, na watoto wengi huzaliwa katika kiangazi cha mwanzo wa mwaka. Kwa kima wa mkia mwekundu mambo yanakaribia kuwa hivyo hivyo. Kwa maneno mengine, kila mwaka msitu huu huzungukwa na madume wapweke, wa aina zote mbili, wasio na kundi, wenye haja, na ambao njia zao hupita katikati ya majike ya aina nyingine. Ikiwa mchanganyiko ungekuwa jambo jepesi, Kakamega ungekwisha kitambo kuwa msitu wa chotara watupu.

Inafurahisha, kwa njia ya kando, kuona kwamba binadamu wanaouzunguka msitu huo wamejiwekea sharia iliyo kinyume. Miongoni mwa Waisukha na Waidakho, kama ilivyo kwa Waluhya kwa jumla, kijana haruhusiwi kuoa katika ukoo wa baba yake wala katika ukoo wa mama yake. Hutakiwa atoke, atafute mbali, na wazee huuliza nasaba kabla ya kuuliza habari ya ng'ombe. Ila hata wao wana mpaka wa nje ambao hawauandiki popote.

Wenzetu wa pwani wanalo suala hili hili chini ya maji, tena kwa namna iliyo ngumu zaidi, kwa maana tumbawe halina macho wala miguu. Katika miamba ya Mombasa, Watamu na Malindi matumbawe ya aina nyingi hukua bega kwa bega, na mengi yao ni dume na jike kwa wakati mmoja. Usiku maalumu, katika siku zinazokaribiana na mwezi mpevu, huachia vifurushi vidogo vya mayai na mbegu ambavyo hupanda juu ya maji na kupasuka, na hapo kila kitu hukutana na kila kitu. Katika miamba mikubwa ya Australia, kama wataalamu walivyotangaza mwaka 1984, aina nyingi humwaga katika masiku machache yale yale ya mwaka. Sangeeta Mangubhai na Peter Harrison walipochunguza matumbawe ya Mombasa walikuta habari tofauti: huku karibu na Ikweta, ambako majira hayaachani sana, umwagaji huenea katika miezi mingi, aina hii ikiwa na kilele chake mwezi huu na aina ile mwezi mwingine. Zile zinazoangukia usiku mmoja hutenganishwa na saa, na zisizotenganishwa na saa hutenganishwa na kemia ya yai, ambalo hukubali mbegu ya kwao upesi na kusita kuikubali ya mgeni. Hata hivyo ukuta huo una nyufa. Katika bahari ya Karibi liko tumbawe ambalo mwaka 2002 lilithibitishwa kuwa chotara wa aina mbili zinazojulikana, na wazazi wake wote wawili bado wapo, kila mmoja na sura yake.

Kima hawana saa za mwezi wala kufuli katika yai, au wakiwa nayo basi ni hafifu. Walicho nacho ni uso. Jambo hili alilieleza kwa ukamilifu, mwaka 1980, Jonathan Kingdon, mchoraji na mtaalamu wa wanyama aliyezaliwa Tabora mwaka 1935 na kufundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Makerere. Naye aliwatazama kima wa misitu yetu kwa jicho la mtu anayejua kalamu ya rangi inafanya nini. Aliona kwamba doa la pua, ndevu, utepe wa paji na manyoya ya mashavu si mapambo ya bure, bali hufungamana na miendo ya kichwa: kima wa mkia mwekundu, kwa mfano, hutikisa kichwa upande huu na upande huu, na yale mashavu meupe yakawaka katika giza la majani mithili ya ishara, ambapo aina nyingine hutikisa juu na chini, kwa kuwa alama zao zimepangwa hivyo. Mwaka 2014 William Allen, Martin Stevens na James Higham walipima picha zaidi ya 1,000 za nyuso za kima wa aina nyingi kwa msaada wa kompyuta, wakapata kwamba nyuso za aina zinazoishi pamoja zimeachana zaidi kuliko za zile zisizokutana. Na majaribio yaliyofuata katika kituo kimoja cha kulelea kima huko Nigeria, ambayo habari zake zilichapishwa mwaka 2020, yakaonyesha kwamba kima huzitazama kwa muda mrefu zaidi nyuso zenye alama za kwao.

Ndege wa msitu huu wamechukua njia ya sauti. Jamii ya shorewanda wa msituni wenye rangi ya zeituni ina aina kadhaa Kakamega zinazofanana hata mtaalamu aliyewashika mkononi huona taabu kuwatofautisha, lakini kila aina ina wimbo wake, na waongozaji wa Isecheno huwataja kwa kusikia tu, bila ya kuinua darubini.

Sasa, mtu angeweza kudhani kwamba uso ni kinga ya juujuu tu, na kwamba kinga ya kweli imo katika damu; kwa sababu kima wa buluu ana kromosomu 72 na kima wa mkia mwekundu ana 66, tofauti ambayo kwa hesabu ya karatasini ingetosha kuzuia mimba au kumfanya mtoto awe tasa. Nilivutwa na dhana hiyo mpaka niliposoma habari za Kibale na Gombe. Huko Kibale, Uganda, Thomas Struhsaker, Thomas Butynski na Jeremiah Lwanga walitangaza mwaka 1988 kwamba walikuwa wamewaona chotara wa aina hizi mbili, wachache, wakiishi makundini kama wengine. Na Gombe, ile hifadhi nyembamba iliyo kando ya Ziwa Tanganyika karibu na Kigoma, ambayo ulimwengu unaijua kwa sokwe wa Jane Goodall, ina chotara wa kutosha hata mgeni akaweza kuwaona: pua ina doa lakini limefifia, mkia una wekundu lakini umechanganyika na kijivu. Kate Detwiler, aliyewachunguza kwa miaka mingi, alionyesha mwaka 2019 jambo la ajabu zaidi, nalo ni kwamba katika Gombe hata wale waonekanao kuwa kima wa buluu safi wana ule urithi upitao kwa mama peke yake ambao asili yake ni kima wa mkia mwekundu. Maana yake ni kwamba zamani madume ya kima wa buluu yalifika Gombe, yakawakuta majike wa mkia mwekundu, yakazaa nao. Na watoto wa kike wa ndoa zile walikuwa na uzazi, wakazaa tena, na tena.

Hoja ninayoiona hapa ni hii, nayo haisemwi mara nyingi waziwazi. Kinachotenga nasaba za kima siyo kutoweza, bali ni kuchagua; na kuchagua kunataka pawepo wa kuchaguliwa. Dume mwenye pua nyeusi atapita mbele ya pua nyeupe kumi bila ya kugeuka, ikiwa kwenye mti wa pili wapo wa kwake. Akiwakosa siku ya kwanza, na mwezi wa kwanza, na msimu wa kwanza, uso wa kigeni hupungua ugeni. Kakamega, ambako aina zote mbili ni nyingi na makundi yao yamepakana, uso umetosha. Gombe, ambako mgeni alifika peke yake, haukutosha.

Na hapa ndipo tarehe ya shoka inapokutana na tarehe ya nasaba. Msitu ambao hapo zamani uliungana na misitu ya Nandi umekatwa ukatengana nayo; pembezoni mwake vimebaki vipande kama Malava na Kisere, na baina ya kipande na kipande kuna mahindi, miwa na nyumba za watu, ambao nao wana haki ya kulima. Kima wa buluu huthubutu kuvuka shamba, na mkulima wa mahindi atakuambia anavyovuka. Karasinga hathubutu. Yeye ni mnyama wa kandokando ya maji, huishi katika jamaa ndogo za watu wachache, na akiona hatari, badala ya kukimbia, hukaa kimya pale alipo kwa muda mrefu, akiutegemea ukimya umfiche. Hulka hiyo ilimfaa chini ya miti mikubwa; katika shamba la wazi haimfai kitu. Kisere ina kama hekta 400, na dume la karasinga likibaleghe humo hutakiwa, kwa desturi ya aina yake, litoke liende kutafuta jamaa nyingine, wakati ambapo njia imefungwa pande zote.

Wakuu wa misitu wameyahesabu maeneo haya kwa ekari na kwa thamani ya mbao tangu 1933, na tangu 1985 kwa watalii pia. Kwa maoni yangu iko hesabu nyingine inayostahili kufanywa, nayo ni ya masafa ambayo dume mmoja mwoga anaweza kwenda bila ya kushuka chini. Baina ya Kisere na Buyangu masafa hayo si marefu; ukanda mwembamba wa miti uliopandwa kwa mapatano na wenye mashamba ungeyaziba, na mutere ungefaa kutangulizwa, kwa kuwa hukua upesi, mbao yake ina soko, na kima huyapenda matunda yake.